Uru Wanafukua Watu

Kwetu ni Uru, Moshi, huko mlimani Kilimanjaro. Baba alipenda kututania kwamba Ibrahimu wa kwenye Biblia alikuwa Mchaga mwenzetu, akahama Uru kwa sababu kihamba alichogawiwa, yaani shamba la ukoo, hakikutosha hata migomba. Tulicheka kila mara. Sikujua utani huo ungekuja kunitesa Toronto.

Nilikuja huku kusomea mambo ya kale, na mji ninaoandika habari zake ni huohuo wa Ibrahimu: Uru wa Wasumeri, ambao Biblia huuita wa Wakaldayo, kusini mwa Iraki. Niliuchagua kwa jina lake, sifichi. Ulijengwa kwa matofali ya udongo, ukatajirika, kisha mto Frati ukahama na watu wakaondoka, mchanga ukafunika kila kitu. Mimi kilichonishika ni nyumba zao. Walizika watu wao chini ya sakafu, wakaendelea kupika na kulala juu yao. Wenzangu darasani walishangaa. Mchaga atashangaa nini? Baba amelala kihambani, karibu na jiko, na masale, mimea yetu ya makaburini, aliyoyapanda mama yamemzunguka.

Mama sasa anaishi nami, ghorofani, huku mtaa wa Jane na Finch. Kumbukumbu imemtoka na moyo wake umechoka. Daktari amesema hawezi kupanda ndege tena. Habari hiyo nimeimeza peke yangu, maana mama ana ombi moja tu duniani: akifa, alazwe kando ya baba, na gharama ya kusafirisha maiti hadi Moshi sina.

Jumapili moja nilikuwa najizoeza mada niliyoombwa na vijana wa kanisani. Nikasoma kwa sauti kwamba huko Uru wachimbaji walivunja sakafu, wakafungua makaburi, wakabeba walivyovikuta kwenda makumbusho ya mbali.

Mama akaweka kikombe chini. "Uru wanafukua watu?"

"Si Uru yetu, mama. Ni ile ya Wakaldayo."

"Na baba yako wamemtoa?"

Nikadhani picha itamaliza maneno. Nikamwonyesha kwenye kompyuta magofu yale, jangwa tupu mpaka upeo wa macho.

"Migomba yote wameikata," akasema.

Alilia kama mtoto, na mimi nikalia naye, kwa hasira zaidi kuliko huruma. Nilimkasirikia daktari, nikaukasirikia mji ule na jina lake. Tangu siku hiyo haulizi kingine. Nikimpa uji, anauliza baba amepelekwa wapi. Nikimwogesha, anauliza nani aliyewapa ruhusa. Nimempigia simu shangazi huko nyumbani amwambie kaburi lipo. Mama alimsikiliza, kisha akaninong'oneza kwamba shangazi yangu amekula njama nao. Nimekata tamaa. Mada yenyewe sikuitoa, na kitabu chochote cha Uru sikifungui akiwa macho.

Jana, theluji ikianguka, nilichoka kubishana.

"Mama, wameacha kuchimba," nikamwambia. "Wamemrudisha kila mtu mahali pake. Baba naye. Na masale wameyapanda upya."

Uso wake ukafunguka. Sikuwa nimeuona hivyo tangu nilipompokea uwanja wa ndege.

"Na nafasi yangu wameiacha?"

"Wameiacha, mama."

"Basi twende," akasema. Akainuka, akajikongoja hadi mlangoni, akainama kutafuta viatu vyake, ambavyo nilivificha siku ile daktari aliposema hatasafiri.