Msumari wa Tatu

"Shangazi, huo msumari mtupu unaufuta wa nini?" Dalisay, mtoto wa jirani, alimuuliza mwoka keki za mchele. Kila Jumamosi mama huyo alifuta picha za wanawe wawili ukutani, wamevaa majoho ya mahafali, kisha akaufuta msumari wa tatu, uliomngoja binti yake Rosing.

"Kula keki, itapoa," alijibu kwa ile sauti yake ya chini, vidole vyeupe kwa unga.

Mwaka ule Rosing alisema mezani kwamba chuo hataki, anataka kuchomelea vyuma. Mjomba wake alicheka mpaka akapaliwa. "Wenzetu wanatundika mabango ya shahada getini! Sisi tuandike nini, 'Hongera fundi mageti'?"

Mama alitwaa suruali kuukuu ya jinzi, akaikata miguu, akaanza kumshonea binti mikono ya kukinga cheche. "Nyoosha mkono, mwanangu, nikupime."

Sasa Dalisay yuko sekondari. Jumamosi hii amemkuta mama huyo akifuta kinga ya uso ya kuchomelea, ya kwanza ya Rosing, ikining'inia kwenye msumari wa tatu. Akamuuliza tena lile swali lake la zamani la msumari mtupu.

"Nilikuwa nauzuia usishike kutu," mama akasema. "Cha kutundika nilimwachia achague mwenyewe."