Pumzi Mbili Namakwekwe

Mimi na mwenzangu wa kikosi cha uokoaji tulikuwa tumetoka Jinja kwenda Mbale kuwafundisha askari wa huko kutumia mashine yetu mpya. Asubuhi yake tukaamshwa na habari kwamba nyumba ya vyumba vya kupanga imeanguka kwa mvua katika mtaa wa Namakwekwe.

Mashine yenyewe ni kisanduku tu. Inatuma mawimbi ya redio yanayopenya matofali. Kifua cha mtu kikipanda na kushuka, mawimbi yanarudi yamebadilika, na alama inatokea kwenye skrini ndogo ya mkononi. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimeitumia kumtafuta mwenzangu tu, akijificha nyuma ya magunia ya saruji kwetu Jinja, mtaa wa Mpumudde.

Wapangaji wote walikuwa wametoka, isipokuwa mjane mmoja muuza mandazi. Binti yake alinishika mkono.

"Afande, ndani iko mama peke yake."

Tuliwaomba watu warudi nyuma hadi barabarani, maana mashine inahisi yeyote anayejongea. Nikaiweka juu ya kifusi, nikasogea mbali. Alama ikatokea. Mjane alikuwa anapumua! Kisha ikatokea ya pili, kando ya ile ya kwanza.

"Wawili," nilisema.

"Haiwezekani," binti akajibu.

Tukahamisha mashine, tukapima tena. Wawili.

Tulichimba taratibu mpaka tukafikia mabati yaliyoegemea ukuta, na chini yake uwazi. Mjane alitoka kwanza, vumbi hadi kwenye kope, akiulizia unga wake. Nyuma yake tukamtoa jirani wa nyumba ya pili, mzee askari jela mstaafu, kifundo cha mguu kimevimba, kikombe cha bati bado mkononi.

Binti alimkodolea macho. "Mzee, ulikuwa unatafuta nini kwa mama?"

"Nilikuja kunywa chai."

"Alfajiri?" mtu akapaza sauti kutoka barabarani.

Mjane akajipangusa uso. "Anakuja kila siku. Basi, mmejua."

Mtaa mzima ukaangua kicheko, na binti, huku machozi yakimtoka, akawakumbatia wote wawili.

Harusi yao ilifanyika kijijini Busiu, kwa ndugu zake mzee, baada ya mavuno ya mahindi. Bwana harusi alinitambulisha kwa kila mgeni: "Huyu ndiye alinitangaza." Nilicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, nikaendelea pekupeku.