Swali la "Wanijua Miye?"

Huku kwetu Msambweni, mtu akienda kumjulia hali mzee, akishaamkia na kuitikiwa marahaba, huuliza: "Wanijua miye?" Kwa Kidigo ni "Unanimanya?" Kwa mzee mwenye kumbukumbu zake, swali hilo ni mlango wa utani. Mama yangu alikuwa hodari wa kulijibu. "Nikujue wapi, na mashavu yote hayo umeyapata mjini?" Kisha alimtajia mgeni babake, bibi yake na nyumba aliyozaliwa.

Daktari alipotuambia kwamba mama ana ugonjwa wa Alzheimer, wageni hawakuacha kuuliza. Waliuliza zaidi. Mtu alitoka Kinondo kwa pikipiki, akaketi mkekani mbele yake, akauliza, na asipojibiwa alimsogelea.

"Nitazame vizuri. Mimi nani?"

"Wewe si mgeni hapa," mama alimjibu siku moja binamu yangu, kwa adabu.

"Ndiyo, lakini nani?"

Mama alitabasamu, akaanza kuvuta pindo la leso yake. Jioni hiyo hakula. Alifunga nguo zake katika kanga, akasema anarudi kwao, na yumo ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Mimi ni fundi wa friji katika hoteli za Diani. Mashine ikiharibika, jambo la kwanza kuuliza ni nini kilitokea kabla. Nilianza kutazama siku za mama kwa namna hiyo. Siku zisizo na wageni alikula, alikuna nazi, alilala. Siku za maswali mengi, jioni ilikuwa ya kufunga nguo na kulia.

Nikasoma. Sikusoma chuo, lakini nina simu na nina subira. Nilijifunza kwamba mtu akiwa na hofu au msongo, mwili hutoa homoni iitwayo kotisoli. Ikitoka kidogo, kwa muda mfupi, humsaidia. Ikikaa juu siku nenda siku rudi, inaweza kuidhoofisha sehemu ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya, ile ambayo wataalamu wameipa jina la farasi-bahari kwa sababu ya umbo lake. Nikaikumbuka miaka ambayo mama alimuuguza baba aliyepooza, akilala huku sikio moja li macho. Nikadhani nimepata jibu.

Nilimpelekea daktari jibu langu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akalipunguza. Alisema hakuna awezaye kuniambia kwamba ile miaka ndiyo iliyomletea mama ugonjwa. Msongo wa muda mrefu unahusishwa na kuharibika kwa kumbukumbu, na huenda ukauharakisha ugonjwa, lakini mambo mengine mengi yamo: umri, damu ya ukoo, shinikizo la damu. "La zamani liache," alisema. "Hofu ya leo ndiyo unayoweza kumpunguzia."

Nikaenda kumwambia dada yangu, ambaye ndiye anayeishi na mama, kwamba tuache kumuuliza.

"Kaka, wewe na simu yako," alisema. "Asipoulizwa si atasahau kabisa? Lazima akili ifanyishwe kazi."

"Ifanyishwe kazi anayoiweza. Hii inamtisha."

"Mimi humuuliza kila asubuhi. Naye hunitaja."

"Kila asubuhi?"

Alikuwa akipepeta mchele, akaendelea kupepeta. "Jana alikawia," alisema.

Hapo nikaelewa kwamba swali la dada halikuwa mazoezi ya ubongo. Alitaka kujua kama bado ni mtoto wa mtu. Sikumbishia tena siku ile.

Idi ikakaribia, na ukoo mzima huja kwetu siku hiyo. Idi iliyotangulia mama alijifungia bafuni hadi adhuhuri. Safari hii nilikaa barazani baada ya swala, nikimwambia kila anayeingia: jitaje kwanza, useme wewe ni nani kwake, usimuulize chochote.

"Ala! Hapa pamekuwa mpakani Lungalunga?" alisema mjomba, mdogo wake mama. "Nitoe na kitambulisho?"

"Toa ukoo tu, mjomba."

Akaingia. "Shikamoo dada. Ni miye nduguyo, uliyekuwa ukinikimbiza kwa mwiko."

"Marahaba. Na bado u mlafi?"

Nyumba ikacheka, na mama akacheka. Kama alimjua au alilishika neno mwiko, siwezi kusema. Alikula pilau.

Halafu akaja shangazi mmoja ambaye sikumwona akipita mlango wa uani. Alimshika mama mikono yote miwili. "Wanijua miye? Hunijui? Ebu sema!" Na watoto nao, kwa kuwa mkubwa ameuliza, wakapokezana: na mimi, na mimi je?

Mama aliinuka, akaenda jikoni. Dada akamfuata, nami nikasimama mlangoni. Mama alikuwa ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, bila nazi mkononi. Akamtazama dada kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu.

"Nimekosea?" aliuliza. "Walitaka nijibu nini?"

Dada alichuchumaa mbele yake. "Hukukosea, mama. Hapana aliyekosea."

"Wataniuliza tena?"

"Hawaulizi tena."

Alikaa naye humo mpaka wageni wakapungua. Shangazi alinuna kidogo, akasema siku hizi mtu hawezi hata kumtania mgonjwa. Nilimfungia pilau akaenda nayo.

Tangu asubuhi iliyofuata dada huingia na chai, akasema, "Shikamoo mama, ni mimi mwanao." Mama huitikia marahaba na kupokea kikombe. Zile jioni za kufunga nguo zimepungua, ingawa hazijaisha, na daktari ametuonya kwamba ugonjwa utaendelea hata nyumba ikiwa tulivu.

Juzi nilimuuliza dada kama anadhani mama bado anamjua.

"Sijui," alisema. "Simuulizi." Akachukua sahani ya mama, ilikuwa tupu, akaenda kuiosha.