Walipokuja Kumuulizia Kokushubila

Kokushubila alikuwa mke mwenzangu, na mtu asinidanganye kwamba wake wenza hupendana. Marehemu mume wetu Kagaruki alimleta mchana kweupe, mimi nikiwa na mimba ya Paskazia. Alikuwa mzuri, sikatai. Ndizi alizopika yeye zililiwa mpaka sufuria ikabaki nyeupe, zangu zikapoa. Nilichukia hata alivyofunga kanga.

Vita vya Amini vikamchukua Kagaruki. Tukabaki wajane wawili kwenye kibanja kimoja, nyumba yangu upande huu wa migomba, yake upande ule.

Kisha ukaja ule ugonjwa tuliouita Juliana, huu Ukimwi wa leo. Kijiji chetu cha Kishanda kikajaa watoto wasio na wazazi, wanakijiji tukawajengea nyumba. Mlezi wa kwanza alikutwa amewafungia ndani wakiwa na njaa, akafukuzwa. Kokushubila akaiomba kazi hiyo. Loo! Apate mshahara, na watoto wa kijiji kizima wamwite mama? Roho iliniuma hadi nikakosa hamu ya kula.

Siku moja wakaja kwangu Mzee Mushumbusi na Mwalimu Kezia, watu wa kamati. Safari hii, walisema, hawamwachii mtu watoto kabla ya kumuulizia. Niliwapa buni za kahawa za kutafuna, nikajisemea moyoni, leo ndiyo leo. Nikamwaga yote: alivyoniingilia nyumba, alivyonicheka kisimani, maringo yake kanisani.

Mwalimu Kezia akanisikiliza mpaka mwisho. "Hayo ni ya mume, Mama Paskazia," akasema. "Sisi tunauliza ya watoto."

Nikawauliza kwa nini waje kwangu, wakati mashoga zake wamejaa kila kona.

"Huko tumeshapita, wamemsifu," Mzee Mushumbusi akajibu. "Sifa za rafiki hazitutoshi. Tumekuja kwako kwa sababu kila mtu anajua humpendi. Kama kuna baya aliwahi kumtendea mtoto, wewe hutalificha."

Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha. Nikatafuta. Nikapekua miaka yote kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi tunazotandika sakafuni. Je, aliwahi kumpiga Paskazia? Hapana. Kumlaza njaa? Nilipolala na homa masika nzima, Paskazia alikaa kwake. Nilipopona nikamfuata, nikamkuta amenenepa, nywele zimesukwa, na alilia hataki kurudi kwangu. Mwanangu wa kumzaa! Hilo liliniuma kuliko hata siku Kagaruki alipomleta, na linaniuma bado. Lakini ningewaambia nini kamati, kwamba alimpenda kupita kiasi?

Wakawa wananisubiri. Mzee alikuwa ameacha kutafuna.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," nikasema. "Kwa mtoto, sina neno juu yake."

Akapewa kazi. Sasa kila Jumapili anaingia kanisani na msururu wa watoto, na Paskazia wangu yuko katikati yao, amembeba mdogo kuliko wote.

Wiki ile ya kwanza alikuja mlangoni kwangu na mkungu wa ndizi, akapiga magoti. "Dada, wameniambia ulichosema. Asante."

"Usinishukuru," nikamwambia. "Nilitafuta baya lako mpaka nikachoka. Nimelikosa."

Mkungu nikaupokea, tukaula siku mbili. Paskazia alisema ndizi hazikuiva vizuri nilivyozipika.