Jina Juu ya Mahali Patupu

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikifika mwisho hutacheka. Mimi napiga picha Njombe mjini: harusi, kipaimara, pasipoti. Habari za mizimu nilikuwa nawaachia wenye muda nazo. Lakini hili nimeliona kwa jicho langu hili la kulia, ndilo ninalochungulia nalo.

Nilikuwa nimenunua kamera mpya ya fulfremu, zile kubwa za bei mbaya. Niamini, ina akili kuliko baadhi ya wateja wangu. Unaisajilia sura ya mtu na jina lake, basi hata akikimbia katikati ya kundi, kiboksi cha kijani kinamganda usoni, jina linatokea juu, na fokasi haipotei. Nikasajili sura ya mdogo wangu Lusungu, winga wa timu ya mtaani kwetu. Watu wanamwita Shoto, maana tangu utotoni mguu wake wa kulia ulikuwa wa kutembelea tu.

Siku moja walikwenda kucheza Makambako, mchana kweupe, na upepo ule wao unaokutia mchanga mpaka kwenye meno. Kipindi cha kwanza kilikuwa raha tupu. Shoto anakata, Shoto anaruka, kiboksi hakimwachi.

Kipindi cha pili kikamwacha. Kikaenda nyuma ya goli, mahali patupu penye majani makavu, kikaandika: Lusungu. Nikasema kamera imeanza ujinga. Nikaihamisha, ikarudi palepale. Nikavuta lenzi.

Alikuwepo. Mdogo wangu, jezi ileile, ila namba imegeuka kama unavyoiona kwenye kioo. Nikatoa jicho kwenye kamera, hakuna mtu. Nikarudisha, ameshaingia uwanjani, anamfuata Shoto bila haraka, kama mtu anayekwenda kuchukua kilicho chake.

Nikapiga kelele atoke, upepo ukaila sauti. Nikakimbilia ndani, mwamuzi akanishika mkono akanitoa, na watu wakacheka kwamba dada mtu anaogopa mdogo wake atachezewa rafu. Wewe ungemwambia nini mwamuzi?

Nilipochungulia tena walikuwa wamesimama uso kwa uso. Shoto akaanguka, hajaguswa na yeyote. Akainuka, akajipangusa magoti, akanitazama na kutabasamu. Mpira uliofuata akaupiga kwa mguu wa kulia, goli.

Kwenye Kosta ya kurudi Njombe nikamuuliza mguu huo ameupata wapi.

"Dada, mbona mimi siku zote napiga kwa kulia?"

Anaishi nyumbani mpaka leo. Ana adabu kuliko zamani, na mama kila Jumapili anamshukuru Mungu kwa mtoto aliyetulia. Nitamwambiaje mama? Kamera haimtambui kabisa. Nikimwelekezea, fokasi inahangaika, kisha inashika ukuta ulio nyuma yake.

Nilirudi Makambako peke yangu. Uwanja ulikuwa mtupu. Nikaelekeza kamera nyuma ya goli, kiboksi kikawaka papo hapo: Lusungu. Midomo yake ilikuwa inatamka dada, dada. Niliweka kamera chini nikanyoosha mikono yote miwili, nikapapasa upepo. Nililia pale kama nimefiwa.

Kwa hiyo sikia, usiisajilie mashine sura ya mtu unayempenda. Na kama umeshasajili, usiifute. Mimi yangu siifuti, maana mdogo wangu sina pengine pa kumwona.