Sketi ya Kipimo cha Gunia

Sisi tuliokulia Masaki, namaanisha Masaki ya Kisarawe, siyo ile ya Dar yenye magorofa na mbwa wanaokula nyama kuliko watu, tulivaa sketi zilizoshonwa nyumbani. Duka la nguo za shule hatukulijua. Lilikuwepo cherehani la mkono, lilikuwepo jamvi, na alikuwepo mama mwenye pini tatu mdomoni, ambaye hata hivyo aliweza kukugombeza bila kuzitoa.

Sketi yenyewe haikuwa na elimu kubwa. Unakata kitambaa, unaunga ubavuni, unakunja juu na kuacha tundu, unapitisha mpira kwa pini, halafu unakunja pindo chini. Pindo la mama yangu lilikuwa refu kama lina siri. Kila Januari alilifumua kidogo, sketi ikashuka, na mstari wa zamani ukabaki pale mweusi. Msichana wa darasa la sita alikuwa na mistari mitatu, na hakuna aliyemuuliza umri wake.

Futi ya kupimia hatukuwa nayo. Mama alipima kwa kamba ya katani. Anakuzungushia kiunoni, anapiga fundo. Anashusha hadi chini ya goti, anapiga fundo la pili. Kisha anaitundika msumarini hadi apate nafasi ya kukata. Ukishapimwa umepimwa, hakuna kurudia, maana mama hakuwa na muda wa kucheza na kiuno cha mtoto.

Mwaka nilipokuwa darasa la nne, kwaya ya shule yetu ilialikwa kwenye mashindano ya kuimba Kibaha. Kwangu Kibaha ilikuwa ng'ambo. Mwalimu wa kwaya alitangaza kwamba asiye na sketi mpya ya bluu haondoki, na yangu ilikuwa imebaki mpira na matumaini. Mama akapata kitambaa cha tetroni, akanipima, akatundika kamba. Wiki nzima sikulala vizuri kwa kuiwaza sketi ile.

Sasa baba yangu alikuwa akichoma mkaa. Siku moja, mama akiwa shamba la mihogo, baba alikosa kamba ya kushonea mdomo wa gunia. Akaiona msumarini. Gunia likashonwa, likapakiwa, likaondoka, ndipo akakumbuka ile kamba ilikuwa ya nini. Mwanamume mwingine angesema ukweli. Baba alitafuta kamba nyingine, akapiga mafundo mawili kwa kukadiria, akaitundika palepale, akaenda kuoga. Na mzee wa watu hakuwahi kupima kiuno chochote maishani zaidi ya kiuno cha gunia.

Mama akakata kwa kamba hiyo bila wasiwasi. Ijumaa jioni, kesho yake ndiyo safari, nikaivaa. Sketi haikusimama hata kidogo, ilishuka moja kwa moja hadi miguuni ikanizunguka kama maji ya kuoga. Mama aliitazama sketi, akanitazama mimi, akaikagua kamba msumarini akaona mafundo si yake, kisha akageuka polepole.

"Baba Zuhura. Kamba hii umempimia mtoto au gunia?"

"Si atakua?" baba akajibu, huku tayari anatafuta viatu.

Nililia kilio cha msiba. Mama hakutaka kusikia habari ya kupunguza kitambaa. "Tetroni yangu haitupwi," alisema, akachomoa mpira, akaukata nusu, akaurudisha. Kitambaa chote kile kikajikusanya kiunoni kwangu. Nilikuwa mwembamba juu na chini, katikati nimefungasha. Nikakaa nayo hivyo, kwa sababu kubaki nyumbani kulikuwa kubaya zaidi.

Kibaha tulikuta shule nyingi, na wasichana wote wako ndani ya bluu. Mwalimu alinisogeza mwisho wa safu kwa kuwa nilikula nafasi ya watu wawili. Tulipoanza ubeti wa pili nikasikia sauti kutoka nyuma ya wazazi, sauti ninayoijua hata usingizini: "Yule pale wangu! Yule mwenye sketi!" Mama. Alikuwa amedandia lori la mkaa kutoka Masaki, amejifunga kanga yake mpya, vumbi hadi kwenye nyusi, na ananyoosha kidole. Uwanja mzima ukageuka kunitazama, wengine wakacheka. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Na nilifurahi, sitadanganya. Nilifurahi mpaka nikasahau maneno ya wimbo. Tulishika nafasi ya mwisho. Sketi niliivaa hadi darasa la saba.

Siku hizi nakaa hapahapa Kibaha, na kazi yangu ni ya ofisini. Watoto wetu ni wa ajabu. Mpira wa sketi ukilegea, kwao sketi imekufa na inapaswa kuzikwa. Mwanangu Nasra ana miaka kumi, anaweza kufungua simu yangu nikiwa nimeifunga, lakini kupitisha uzi kwenye tundu la sindano hajui. Mwezi uliopita nilijipa moyo, nikanunua tetroni, nikapima kwa futi ya kisasa, nikamshonea sketi ya mahafali ya shule yao. Ilitoka vizuri jamani, ilimkaa kabisa.

Akajitazama kwenye kioo, mbele na nyuma. Akauliza kwa upole, kama anayemuuliza mgonjwa: "Mama, kwani hatuna hela?"

Nikamnunulia ya dukani. Siku ya mahafali niliwahi kiti cha mbele. Wakatoka wasichana kama sitini, sketi zimefanana, marinda yamefanana, hata vichwa vimenyolewa sawasawa. Nikamwona Nasra upande wa kulia. Nikasimama, nikapunga mkono kwa nguvu zote, nikaita, "Yule pale wangu!" Naye akanipungia kwa adabu. Walipomaliza kuimba akaja mbio hadi nilipokaa, nikapanua mikono.

"Shikamoo, mama," akasema. Hakuwa Nasra, alikuwa mtoto wa watu wengine.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu, huku macho yangu bado yanamtafuta wa kwangu.