Pua ya Fundi Mandani

Shemeji yangu Mandani alipokufa, wajukuu wake walibandika karatasi ukutani kama ilivyo desturi, picha yake katikati na sifa pande zote. Waliandika kwamba alikuwa mchimbaji wa mafuta kwa miaka thelathini na mmoja. Kweli. Waliandika kwamba alikuwa babu mwenye upendo. Kweli pia, aliwaharibu wote kwa peremende. Kisha wakaandika kwamba pua yake ililinda mtaa mzima. Hapo nilivua miwani. Wajukuu hawa wana shahada, mmoja ana mbili, na hakuna aliyejisumbua kuja kuniuliza mimi niliyejifunza herufi kwenye makasha ya vipuri. Basi naandika mwenyewe.

Mtaa wetu hapa Masjed Soleyman, mji wa mafuta wa Iran, unaitwa Namba Kumi na Saba kwa sababu kisima cha mafuta chenye namba hiyo kilikuja kwanza, nyumba zikafuata. Sisi Wabakhtiari tulishuka milimani na mbuzi wetu, tukapewa kofia za chuma na king'ora cha kutuamsha. Gesi ilikuwa bure. Kilichokuwa na bei ni kibiriti, kwa hiyo hakuna aliyezima jiko. Moto uliwaka uani usiku na mchana, na chai haikupoa kwa miaka arobaini. Lakini gesi hupenya ardhini ikaingia majumbani kwenye nyufa, na ile yenye harufu ya yai bovu huua. Tena ina hila. Ikizidi, pua hufa ganzi, harufu hupotea, nawe unashukuru kwamba hewa imesafika. Ndipo unapokufa.

Kwa hiyo mtaa ulikuwa na mtu wake wa kunusa, naye ni Mandani. Mtu akiamka na kichwa kizito, au kuku akifa bila sababu, aliitwa yeye. Alikuja amevaa kofia ya kazini hata baada ya kustaafu, akasimama mlangoni, akafumba macho, akavuta pumzi kama mama mkwe anayetafuta kasoro kwenye mchuzi. Akisema mtoke, mlitoka na magodoro yenu bila swali. Siku hizo neno la mtu lilitosha. Nyuma yake alifuata mkewe, dada yangu Golandam, na birika, maana Mandani hakwenda popote bila chai yake.

Alikuwa mtu wa kuchosha. King'ora kiliponyamazishwa, yeye aliendelea kuamka saa ileile, akapita akigonga milango yetu kwa spana.

"Amkeni, wavivu!"

"Fundi, tumestaafu!"

"Kustaafu si kufa! Mtalala kaburini!"

Miaka kumi alifanya hivyo. Sikuwahi kumsamehe, na leo kukicha kimya hivi, nalala macho wazi.

Dada yangu alipougua ugonjwa wake wa mwisho, aliniita nikae karibu. Aliwatuma wengine nje.

"Mdogo wangu," akasema, "Mandani hasikii harufu."

"Harufu gani?"

"Yoyote. Tangu siku ile alipomtoa mwenzake kwenye shimo la kisima, gesi ikawaangusha wote wawili. Alizinduka, pua haikuzinduka. Hata mkate ukiungua hajui."

"Sasa nani amekuwa akinusa nyumba za watu?"

"Mimi. Nikikohoa, kuna gesi. Nisipokohoa, hakuna."

"Miaka mingapi hiyo?"

"Ishirini na sita. Usimwaibishe. Niapie."

Niliapa. Watu wakiwa wanakufa hukutwisha mizigo, wao wakaenda zao wepesi.

Baada ya arobaini yake nilimwendea Mandani. Nikamwambia, "Shemeji, sasa acha."

"Niache nini?"

"Unajua."

"Sijui. Kunywa chai."

Labda alifikiri majirani wataacha kumwita wenyewe. Hawakuacha. Majira ya baridi yalipoanza, alasiri moja, Bemani wa nyumba ya pembeni alikuja mbio. Ni mama kijana mwenye watoto wawili, na wote wawili walikuwa wakilalamika vichwa vinauma. Mandani akavaa kofia. Mimi nikamfuata.

Sikuhitaji hata kuingia. Ile harufu ilinipokea kizingitini. Mandani alifumba macho, akavuta pumzi, akasubiri kidogo. Nilimtazama nikaelewa anasubiri nini. Anasubiri mtu akohoe nyuma yake.

Kisha akasema, "Hakuna kitu. Ni baridi. Wape watoto supu."

"Bemani, watoe watoto nje," nikasema. "Kuna gesi."

Mandani akageuka. "Tangu lini karani wa ghala anajua gesi? Wewe ulikuwa ukihesabu misumari!"

"Nanusa, shemeji. Nina pua."

"Una domo!"

Majirani walishatoka milangoni. Unadhani walimwamini nani? Mzee mmoja aliniambia, "Bwana Kheyrollah, mwachie fundi kazi yake." Mwingine akasema nimekuwa na wivu tangu ujana. Bemani alinitazama, akamtazama Mandani, kisha akasema kwa heshima, "Nimekua nikimsikiliza Fundi. Alisema tutoke nikiwa na miaka sita, tukatoka, paa la jikoni likaruka usiku uleule. Akisema hakuna, hakuna." Akarudi ndani, akafunga mlango ili baridi isiingie.

Nilimshika Mandani mkono. Nikamwambia sikioni, "Sema, au nitasema mimi. Nilimwapia dada yangu, na nitakivunja kiapo hapahapa barabarani."

"Utaniua."

"Wale watoto ndio watakaokufa. Chagua."

Alisimama. Mtu huyu aliyewahi kuingia shimoni bila kuulizwa mara mbili, alisimama mbele ya mlango wa mbao akihesabu aibu yake. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ndipo akauendea mlango, akaupiga kwa ngumi mpaka bawaba zikalia.

"Bemani! Toka na watoto! Mimi sisikii kitu! Sijasikia harufu yoyote miaka ishirini na sita! Aliyekuwa akinusa ni Golandam!"

Mlango ulifunguka. Bemani alitoka na mtoto kila mkono, mdogo kalegea kama nguo mbichi. Tulimlaza kwenye upepo, tukampangusa uso kwa maji mpaka akatapika, akalia. Sijapata kusikia kilio kizuri kama kile.

Kisha bibi mmoja mzee akasema polepole, "Kumbe kile kikohozi!"

Mwingine akadakia, "Na mimi niliyempelekea dawa ya kifua kila masika!"

"Mimi nilimkanda mgongo kwa mafuta ya kondoo!"

"Naye alikubali kukandwa, masikini, asimwaibishe bwana yake!"

Barabara nzima ikaangua kicheko, wengine huku wanajifuta machozi. Mandani alivua kofia, akaenda kwake. Hakuna aliyemfuata. Kesho yake walipiga simu ofisi ya kampuni ya mafuta ili watumiwe mtu mwenye mashine ya kupima gesi. Alikuja siku ya nne. Mashine ilipiga kelele, akaandika kwenye karatasi kile nilichokisema kizingitini. Bemani akahamia kwa kaka yake ng'ambo ya bonde, na nyumba ile sasa ni ukuta mmoja na mbigili. Hivyo ndivyo tunavyolindwa siku hizi.

Jioni ile ya ugomvi, kabla jua halijazama, nilikwenda kwa Mandani. Alikuwa amekaa kwenye zulia, hajawasha taa, hajachemsha chai.

"Umefurahi?" akaniuliza.

"Sijafurahi."

"Mtoto?"

"Amekula. Anasumbua."

Akaitikia kwa kichwa. Alianza kuuvuta uzi wa zulia, tabia ambayo dada yangu alimgombeza kwayo maisha yake yote. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Bado uko hapo? Basi ninusie hii nyumba."

Nilipita vyumba vyote viwili, nikainama kwenye pembe, nikanusa nyufa za sakafu na nyuma ya sanduku la nguo za Golandam, ambalo hakuwa amelifungua. Nilichukua muda wangu.

"Soksi zako," nikamwambia. "Gesi hakuna. Fua soksi."

"Karani," akasema.

Aliishi mwaka na miezi miwili baada ya hapo. Kila Ijumaa nilikwenda kunusa nyumba yake, na hakuniambia asante hata mara moja.